Fundi Rula Anastaafu, Akiwa Mfupi Kuliko Alivyokuja

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya samani, Fundi Rula anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kwa kusukuma randa, akawa fundi wa makabati, kisha msimamizi wa zamu. Lile kabati la maktaba lenye ngazi yake, ambalo wateja hawachoki kulipiga picha, ni kazi ya mikono yake.

Jina la Rula tulimpa sisi. Wengine hupima kwa futi. Sisi rafu ya juu ya kabati la jikoni tuliiweka usawa wa macho yake. Alisimama wima kando ya ubao, mmoja akachora mstari, basi. Meneja alinuna, lakini rafu hazikuwahi kukosea.

Mwaka jana mteja wa zamani aliagiza makabati ya kuungana na yale ya awali. Tulipoyafunga, rafu zilipishana karibu upana wa vidole viwili. Tukalaumu mbao, tukamlaumu mpiga misumari, tukagombana mchana kutwa. Mwishowe fundi wa rangi akachukua futi, akampima Rula mwenyewe, akalinganisha na rafu ya zamani. Karakana nzima ilipigwa na butwaa. Mtu mzima alikuwa amefupika.

Alipopimwa hospitalini, ndipo tukajua. Miaka mingi alikuwa akiishi na homa ya ini aina ya B, akimeza kidonge cha kuzuia virusi kila siku. Dawa ililinda ini lake, lakini polepole iliziumiza figo, zikawa zinapoteza madini ya mifupa, hata pingili za mgongo zikabonyea. Maumivu aliyasingizia umri. Vipimo vya figo alivikwepa kwa kuwa siku ya kliniki iligongana na siku ya kupeleka mizigo. Tulikuwa naye bega kwa bega, na hatukuona kitu.

Kilichofuata kilitutisha zaidi. Kwa hasira, aliacha dawa kabisa. Mkewe, shemeji yetu sote, akaja karakanani na pakiti mkononi.

"Daktari kasema akiacha mwenyewe, virusi vinaweza kufumuka na ini likamuua. Mimi hanisikii. Semeni naye nyie."

Tulizima mashine zote. Hatukumbembeleza, tulimkalisha kiti cha mbele cha gari la mizigo, tukampeleka kliniki. Daktari alimbadilishia dawa iliyo nafuu kwa figo na mifupa. Sasa ini limetulia na figo zinapata nafuu. Kimo hakitarudi.

Tulishauriwa nasi tupimwe homa ya ini. Tulikwenda tukitaniana kwenye foleni. Wote walitoka salama isipokuwa mmoja, na huyo ndiye anayeandika haya. Mpaka leo siamini. Rula hakunihubiria, aliniuliza tu kliniki yangu ni lini. Ni tarehe mosi Julai, siku yake ya kwanza ya mapumziko, na amesema atanigongea mlango asubuhi na mapema.

Asante, Fundi, kwa kila kabati na kila zamu. Mgongo upoe, ini litulie, na maisha yako yawe mema. Ukifika, utanikuta nimeshavaa.