Mlima wa Taa wa Bi. Murugi

Miaka thelathini na mmoja baada ya kuingia karakana ya umeme ya chuo chetu hapa Nyeri, Bi. Murugi Wahome anastaafu tarehe 30 Juni 2026. Aliajiriwa kutengeneza mota na mashine za kuchomelea. Hakuna aliyemwomba awe msanii.

Alianza kuunda sanamu za taa kwa spoku za baiskeli kuukuu na balbu za tochi. Kisha, akiwa na miaka arobaini na sita, aliketi darasani na wanafunzi wake kujifunza kuandika programu za kompyuta, na kwenye mtihani akawapita karibu wote. Leo kuna sanamu aliyoiunda hata Wang'uru, mji wa wakulima wa mpunga: masuke ya mpunga yanayobadilika rangi upepo ukivuma.

Tunayoipenda zaidi iko ukumbini kwetu. Ni Mlima, wa mabomba ya chuma na taa mia nne. Kamera iliyo juu ya paa hutazama Mlima Kenya. Kilele kikionekana sanamu hung'aa, mawingu yakifunika hufifia. Wakati mmoja ilififia wiki nzima ilhali kilele ki wazi. Bi. Murugi aliandika upya programu yote kwa siku tatu, bila kusema na mtu. Siku ya nne alipanda juu, akakuta aproni za mpishi wetu, Bi. Wachuka, zimeanikwa mbele ya kamera. Hadi leo Bi. Wachuka humwekea chapati ya ziada.

Mwaka huu utani ulipungua. Aliogopa, na alituambia waziwazi, kwamba akiondoka Mlima utazimika, kwa kuwa programu aliielewa yeye peke yake. Basi mwezi uliopita aliizima sanamu, akafuta sehemu ya programu, akawaachia walimu Kefa na Wendy daftari lake, akaenda likizo kwake Giakanja. Simu hakushika. Asubuhi ya siku ya tisa Mlima uliwaka, na Wendy akamtumia picha. Jibu lilikuwa fupi: "Sawa. Sasa naweza enda nyumbani." Alikuwa nyumbani tayari, lakini tulimwelewa.

Chanda chema huvikwa pete, ila fundi wa umeme havai pete kazini, kwa hiyo tumemnunulia bisibisi mpya.

Asante, Bi. Murugi. Tutakukosa sana. Uishi kwa afya na raha huko Giakanja, na asubuhi ukitoka nje ukaona kilele ki wazi, ujue huku kwetu taa zinawaka.