Siku Mbili Nilizongoja Kunawishwa Mikono

Mulembe, ndugu zangu. Mwenyekiti wa jumuiya amenipa dakika kumi, na wale wanaonijua wameshaanza kucheka.

Nianze na yule mwenye bucha pale sokoni. Simtaji jina, na mkigeuka kumtazama si kosa langu. Siku iliposikika kwamba nimepata kazi Kanada, alikuwa anakata mbavu. Hakuinua hata macho. Akawaambia wateja wake, "Huyo? Huyo akifika hapo Chavakali atashuka kutafuta choo, gari limwache, arudi kwa miguu akisema Kanada ni mbali." Fundi baiskeli aliyekuwa karibu akaongeza, "Afadhali wangetuma ng'ombe. Ng'ombe akipotea angalau hulia."

Leo mnaniona. Nina diploma ya ufundi wa majokofu, na sikupita kwa kusukumwa, nilipita vizuri. Nimefanya kazi miaka kumi na mmoja katika maghala ya samaki, mahali ambapo mate huganda kabla hayajafika chini. Kile chumba cha baridi pale njia panda, chenye paa jekundu, ni changu, na maziwa yenu hulala mle. Sisemi haya kujisifu. Basi, najisifu kidogo. Nivumilieni.

Ila sikuitwa hapa kueleza nilivyopanda. Nimeitwa kueleza nilivyoanguka, na mimi nilianguka nikiwa nimeketi, tena kwenye kiti kizuri, katika uwanja wa ndege wa nchi ya Waarabu.

Mpaka leo nikisikia harufu ya molasi asubuhi, naikumbuka siku niliyoondoka. Enzi hizo king'ora cha kiwanda cha sukari kilikuwa bado kinalia, na watu wa kukata miwa walikuwa wanapita na mapanga yao begani wakinisalimia kwa utani. Sikuwa na kitu, ndugu zangu. Kila nilichovaa na kubeba kilikuwa cha mtu. Mwalimu mmoja mstaafu aliniazima sanduku lake la ngozi, lile alilonunua mwaka alioajiriwa. Khotsa, mjomba wangu wa Likuyani, aliniazima koti zito la sufu ambalo baba yake alipewa na mzungu wa shamba. Lilinuka dawa ya nondo na moshi wa mahindi. Khotsa alinifunga vifungo mwenyewe, kama mtoto, akasema, "Hili koti limeona baridi kuliko wewe. Ukichanganyikiwa, lifuate lenyewe."

Na nauli ilipopungua, jirani yetu mjane, ambaye wote tunamwita senge, yaani shangazi, aliuza mtamba wake. Nilimwambia, "Senge, huyo ndiye angekupa maziwa." Akasema, "Mtamba anaweza kuzaa na anaweza kukosa kuzaa. Wewe nenda. Lakini usiniletee hadithi."

Barua ya kazi ilisema niwe langoni mwa ghala Jumatatu, saa mbili asubuhi. Nisipofika, nafasi yangu ingepewa mwingine aliyekuwa anangoja. Tiketi yangu ya kutoka Nairobi ilikuwa ya Jumatano, kwa hiyo nilikuwa na siku za kutosha na za kuchezea. Ndivyo nilivyodhani.

Ndege yetu ilikataa kuondoka. Tuliketi ndani, tukafungwa mikanda, tukaambiwa kuna kifaa kinabadilishwa, tukafunguliwa mikanda, tukateremshwa. Tuliondoka siku ya pili, Alhamisi. Tulipofika kule kwa Waarabu ndege yangu ya pili ilikuwa imeshakwenda zake. Sikushtuka. Nilichagua kiti, nikaweka begi dogo magotini, nikanyoosha tai, nikala viazi vitamu alivyonichemshia mama. Vilikwisha Alhamisi hiyohiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojikwaa.

Nyinyi mnajua mgeni anavyokaa kwetu. Mgeni haulizi chakula. Hata tumbo likinguruma hadi mbwa wa nyumba ainue kichwa, mgeni anasema, "Mimi nimeshiba, nilipita tu." Anakaa. Anatazama picha ukutani. Anajua kuwa jikoni kuna kuku anakimbizwa. Kisha mwenye nyumba anakuja na jagi na beseni, anammiminia maji anawe mikono, na hapo ndipo mgeni anajua amepokelewa. Anayenyanyuka kwenda kuchungulia sufuria huimbwa kijijini mpaka wajukuu wake.

Mimi nililelewa hivyo, na mama yangu alinilea vizuri. Kwa hiyo niliposikia wakitangaza kwamba abiria waliochelewa waende kaunta, na kuona watu wazima, wengine na suti nzuri kuliko yangu, wakisukumana pale kama ndama kwenye josho, niliwaonea huruma. Nilijiambia, hawa hawakufundishwa kwao. Jina langu wanalo, tiketi yangu wameiona, mimi ni mgeni wao. Watakuja wenyewe.

Ijumaa asubuhi vumbi lilitanda nje hata ndege zilizokuwa karibu na kioo hazikuonekana. Safari zote zikafutwa. Pale kaunta ukawa msukosuko. Waliosukumana walipewa kadi za chakula. Wengine walipelekwa hoteli. Niliona mama mmoja mwenye kilemba akipiga meza kwa kiganja, akapewa kadi tatu. Mimi nilibaki kwenye kiti changu nikiwa na diploma yangu na koti la khotsa, nikitabasamu kwa yeyote aliyevaa sare, ili ajue kwamba mimi si msumbufu.

Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya kunifikisha kazini kutoka ule uwanja wa mwisho, nikaapa siigusi. Nilikunywa maji ya bomba. Hamna haja ya kunihurumia, ni zamani.

Jumamosi vumbi lilipungua na ndege zikaanza kuruka. Niliona watu wa kundi langu, waliojiandikisha pale kaunta, wakiitwa mmoja mmoja. Yule mama wa kilemba alipita akanipungia mkono. Nilihesabu: leo Jumamosi, Jumatatu saa mbili, na mimi bado niko nusu ya dunia. Nikaona sura ya senge. Nikaona yule wa bucha akinoa kisu na kuuliza, "Kumbe kuna Chavakali nyingine huko mbele?" Nikaanza kuongea peke yangu kwa kinyumbani. Sijui kama nilikuwa nasali au nalalamika, nadhani vyote.

Binti mmoja aliyekuwa akifagia sakafu alisimamisha kazi. Alikuwa na sare ya kijani na kitambaa kichwani. Akasema polepole, bila kunitazama, "Mulembe."

Ndugu zangu, nimesikia kwaya kubwa, nimesikia vinanda. Sijasikia kitu kitamu kama ile salamu ya kwetu siku ile.

Nikamjibu. Akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?"

"Kakamega. Na wewe?"

"Matete. Tangu juzi nakuona kwa hiki kiti. Nilidhani unangoja mtu."

"Nangoja waniite."

"Ni nani alisema atakuita?"

Nikanyoosha tai. Akaegemea fagio lake akanitazama sasa, kuanzia viatu mpaka tai. "Umekula?"

Na mimi, kwa adabu yangu yote, nikasema, "Nimeshiba."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Alikwenda akarudi na kopo la plastiki. Ndani mlikuwa na ugali wa baridi na sukuma wiki, chakula chake cha mchana. Akaketi kiti cha pili akasema, "Kaka yangu, kula. Nikuambie kitu. Huku hakunanga mtu atakuletea jagi. Hakunanga mtu atakunawisha. Huku si kwamba wanakuchukia, ni kwamba hawajui unangoja. Mtu akikaa kimya wanasema ameridhika. Ukimaliza huo ugali, enda pale, uweke mkono juu ya meza, useme unataka ndege na unataka leo. Usipige kelele. Lakini usitabasamu."

Nilikula ule ugali na machozi yakawa ndiyo chumvi. Nilimuuliza nitamlipa nini. Akasema, "Mimi leo niko hapa, kesho sijui. Mama yangu anakaa Matete, nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, ukiuliza utaonyeshwa. Siku ukipita huko mwambie ulikula ugali wangu." Kisha akachukua kopo lake tupu akarudi kwenye sakafu yake. Ni baadaye sana, nikiwa angani, nilipotambua kwamba siku hiyo alifanya kazi bila chakula.

Nilinyanyuka. Nawaambia, nilitembea kama mtu anayeenda kuiba. Nikapanga foleni, zamu yangu ikafika, nikaweka mkono juu ya meza. Sikutabasamu. Nikasema, "Ninatakiwa kazini Jumatatu saa mbili. Nataka ndege, na nataka leo."

Yule kijana wa kaunta alibofya kompyuta yake, akashangaa. "Bwana, nafasi yako ilikuwepo tangu asubuhi. Ulikuwa wapi?"

Nikamwonyesha kiti. Kilikuwa hatua ishirini kutoka kwake.

Nilipanda Jumamosi jioni. Msidhani shida ziliisha. Katika mji mmoja wa Ulaya theluji ilianguka na safari ya kuvuka bahari ikafutwa. Lakini safari hiyo nilikuwa mtu mwingine. Kabla mwanamke wa tangazo hajamaliza sentensi, mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Walinipitisha mji mwingine ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Sanduku la mwalimu likaelekea upande wake, na sijaliona mpaka leo. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nilisimama kwenye lango la ghala, theluji ikinifika vifundoni, nikiwa na koti la mzungu wa Likuyani na tai iliyokunjamana siku tano. Msimamizi alitazama saa, akanitazama mimi, akasema, "Umewahi." Sikumweleza. Angeanzia wapi kuelewa?

Miaka ile yote kule, kila niliposhinda ndani ya baridi nikifungua mashine, nilikuwa nasikia mvua ya saa kumi ikipiga mabati ya kwetu. Unaweza kuitamani mvua, ndugu zangu. Niliwatamani hata watu wa kunicheka. Na niliporudi, nilimwambia dereva asimame Chavakali. Nikashuka. Nikaenda choo. Nikarudi nikakuta gari lipo, nikampigia simu mwenye bucha kumjulisha. Aliniambia, "Basi sasa umekuwa mtu."

Nawashukuru nyinyi mlionichangia sala na viazi. Namshukuru Mungu, aliyeniwekea mtu wa Matete katikati ya jangwa. Na funzo ninalowaachia, hasa nyinyi mnaopeleka watoto ng'ambo, ni hili: msiwafungashie nguo peke yake. Waambieni kuna adabu ya nyumbani na kuna adabu ya njiani. Ile ya nyumbani wasiitupe, ni mali yao. Lakini wakiwa na njaa, waseme. Mimi kimya changu nilikiita heshima, kumbe nusu yake ilikuwa majivuno, niliogopa kuonekana mhitaji. Karibu kiniuzie bure mtamba wa watu.

Nimalizie na Jumamosi moja tu, ile niliyorudisha kila nilichoazimwa. Nilikodi pikapu. Nyuma nilimpakia mtamba mwenye mimba, na tulipopita sokoni mwenye bucha akatoka akauliza, "Huyo ni wangu?" Nikamwambia, "Huyo ni wa senge, rudi ndani." Senge alimzunguka mara mbili, akamshika nundu, akasema, "Huyu si hadithi." Mwalimu nilimpelekea sanduku jipya lenye magurudumu. Alilisukuma uani, akalitazama, akasema, "Zuri. Lakini lile langu limeenda mbali kuliko mimi," na huwaambia wageni hivyo kwa fahari mpaka leo. Khotsa nilimrudishia koti lake lenyewe, limefuliwa, na jingine jipya juu yake. Alivaa la zamani.

Alasiri nikafika Matete. Nyuma ya posho mill nilionyeshwa nyumba ya mama mmoja mzee, akipembua maharagwe mlangoni. Nilikuwa na sukari, blanketi, na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilianza tu kusema kwamba zamani, katika uwanja wa ndege, binti yake alinipa ugali.

Akaweka ungo chini. "Wewe ndiye yule wa koti?"

Nikasema ndimi.

"Alinipigia simu jioni ileile," akasema. "Aliniambia, mama, leo nimempa mtu wa kwetu chakula, alikuwa anaona aibu. Yeye sasa ameolewa Likuyani, ana watoto wawili. Lakini mimi nimekungoja miaka hii yote nikuulize, mwanangu. Ule ugali ulitosha?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimekula kwa senge, nikala kwa mwalimu, nikala kwa khotsa. Nilikuwa mgeni, tena mara ya kwanza katika lile boma. Nilimtazama yule mama usoni, nikasema, "Haukutosha, mama. Nina njaa."

Akainuka bila haraka, akaingia jikoni. Akarudi na jagi na beseni, akaniambia, "Leta mikono."