Wangapi Wanalala kwa Cheche

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Cheche, na ukiona limejaa ujue karakana haina kazi. Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma. Umeme wenyewe huja unapojisikia, kwa hiyo mageti aliyoyaanza yameegemea ukutani yakisubiri bawaba. Mkewe alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akachukua watoto wao wawili akaenda kushona nguo kiwandani, mji wa mbali. Mdogo wake Cheche naye akafuata kibarua hukohuko. Tunaobaki kukaa ni Cheche mwenyewe, Redio ambaye ni dalali wa nyumba na hana kitufe cha kuzima, mimi fundi viatu, na Shangazi muuza kahawa, mdogo kuliko sisi sote lakini mbishie uone. Wiki hii habari ni moja tu: watu wa nyuklia wamepiga kambi nyuma ya kilima, wanapima kama panafaa kujengwa kinu cha umeme.

— Wamesimamisha mlingoti, akaanza Redio. Juu una vikombe vinazunguka. Mnajua ni wa nini?

— Wa kupima upepo, nikasema.

— Upepo wa nini, wewe? Wanaangalia umeme ukishatoka utapeperukia upande gani. Bahati nzuri sisi tuko upande wake.

— Na kile chombo walichokifukia? akauliza Cheche.

— Kile kinasikiliza nyayo. Kinahesabu watu chinichini, wasije wakadanganywa. Sasa mimi si wa leo. Jana jioni nimepeleka timu nzima ya mpira, vijana wakarukaruka pale mpaka vumbi likatanda. Kimehesabu wilaya nzima!

Tulicheka mpaka benchi likalia. Niseme ukweli, mtaa wote ulikuwa kwenye mchezo huo. Tumezoea kwamba kikija cha kugawiwa, mwenye watu wachache anaambulia patupu. Kwa hiyo watu wa kambini walipopita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu, kila mtu alijipakulia. Kwangu tuko wanne, nikataja kumi na mmoja, na humo nikaweka mapacha. Redio alitaja mpaka wapangaji aliowafukuza.

— Na wewe Cheche ulitaja wangapi? akauliza Redio.

— Watano.

— Watano tu? Unatuangusha, ndugu yangu!

Hapo Shangazi akarudi kutoka kambini, birika mkononi, uso umekunjamana.

— Nyie wanaume mmetumaliza. Nimewasikia kwa masikio yangu. Wanasema huku tumejaa mno. Kinu hakiwekwi penye msongamano, kwa sababu siku ya hatari inabidi watu wote waondolewe upesi, na barabara yetu ni hiyohiyo moja. Tena kuna mtaalamu ameshika kichwa, chombo chake kinaonyesha jana jioni ardhi ilitetemeka.

Kahawa ikampalia Redio. Mimi nikampiga mgongoni, labda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Cheche hakucheka. Alikuwa anatazama mageti yake.

— Mimi nimeshamwambia mke wangu, akasema. Nimemwambia safari hii umeme unakuja kweli.

— Usihofu, tunarekebisha! Redio akapata sauti. Wakija tena tunasema tuko watu watatu. Wengine wote tunahamia kwa wakwe kwa siku moja.

— Na nguo zilizoanikwa mtaa mzima? akauliza Shangazi.

— Za dobi.

— Na watoto wa shule?

— Wamekuja kutalii!

— Shikamooni, ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa binti mwenye buti za matope na begi la kambini. Tukaitikia marahaba kwa unyonge. Akaomba kahawa, akajibanza mwisho wa benchi.

— Nimetumwa kuhesabu upya, akasema. Mtaa huu una watu wengi kuliko vitanda.

— Mwanangu, akasema Redio, kwa kweli tuko wachache sana. Tunakaribia kuisha.

— Usinipunguzie, baba. Mkizidisha, tutaiacha sehemu nzuri bure. Mkipunguza, ni vibaya zaidi. Siku ya hatari nitaleta gari la watu watatu. Niambie wewe nani abaki.

Nikamfikiria mama yangu, miguu haimbebi tena, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikasema kwangu tuko wanne, mmoja hatembei. Binti akauliza analala chumba kipi, mlango unatazama wapi, nani wa kumbeba. Nilifurahi kuulizwa vile, sioni haya kusema. Redio naye akataja sita, kisha akatapika na habari ya timu ya mpira. Binti alicheka mpaka kahawa ikammwagikia.

— Mtaalamu wetu hajalala! Nitampelekea habari njema. Na wewe, fundi?

— Mmoja, akasema Cheche.

— Mwanzo ulisema watano.

— Sikudanganya, mwanangu. Wote ni wa nyumba hii, na vitanda vyao vipo. Wanalala kwingine tu.

Binti hakuandika. Alimtazama kidogo.

— Hata wa kesho tunatakiwa kuwajua, baba. Kinu kinakaa miaka mingi, na watu wanaongezeka. Bado tunaangalia miamba, bado mafuriko, siahidi kitu. Lakini tuseme umeme umekuja, haukatiki. Kwako watarudi wangapi?

Shangazi akajifanya anapanga vikombe.

Cheche akatoa simu, akaifuta kwenye ovaroli, akapiga. Spika ya sikioni iliharibika zamani, hupiga kwa ile ya sauti kubwa, kwa hiyo tulisikia wote.

— Kuna nini? Ilikuwa sauti ya mkewe, cherehani zikivuma nyuma yake.

— Kuna watu wa kinu hapa. Wanauliza, umeme ukitulia mtarudi?

Cherehani moja ikanyamaza.

— Wanauliza wao?

— Wao.

— Na wewe?

Cheche akainuka kwenye benchi kama mtu aliyeitwa.

— Na mimi nauliza, mke wangu. Nilichelewa tu. Nauliza.