Boti Tuliyoikalia

Kijiwe chetu cha Tengeru, njia ya kushukia Ziwa Duluti, kina benchi moja tu: ubao mrefu juu ya mawe mawili. Mimi sipendi kubanwa, lakini leo asubuhi tulibanana kwa hiari. Chini ya ubao huo limechongwa jina NDESHI, na mwenye jina alikuwa njiani anakuja. Ni ubao wa ubavuni wa boti ya tanga aliyoiunda baba yake, marehemu Nathanaeli, fundi wa viti vya kanisa, baada ya kuona picha kwenye kalenda. Kila Jumapili baada ya ibada alizunguka nayo ziwani. Alipohamia Mwanza alimwachia rafiki yake aitunze. Rafiki akafariki, boti ikabaki kwa mwanawe Elinipa, tunayemwita Nahodha. Nahodha akaipasua. Mbao nyingine alijengea banda la mbuzi, likaoza, nyingine zikawa kuni.

— Juzi Ndeshi kanipigia simu, anataka kuiona boti, Nahodha akasema. Nikamwambia ipo.

— Ipo! Wewe nawe! nikafoka. Si ungesema ukweli tu?

— Alikuwa analia kwa furaha, kaka. Ningeanzaje?

Lerionka, ambaye ni Redio kwa sababu ana habari hata za kesho, akameza kashata.

— Mwambie imeliwa na mchwa.

— Mchwa hawali misumari, akasema Profesa, aliyeishia darasa la sita. Sema ilizama.

— Atasema tuiopoe, Nahodha akasema.

— Utaiopoaje? Duluti haina mwisho chini! Imezama hapa, imeibukia Momella, kule mbugani.

— Na mlingoti? Nahodha akauliza.

— Si Momella kuna tembo? Redio akadakia. Wameuchukua wachokonolee meno.

Hakuna aliyecheka. Nahodha alikuwa anatoka jasho na baridi yote ile.

— Jamani, mzee wangu aliapa kuitunza. Leo uso nitauweka wapi?

Vaileth, anayetuuzia kahawa, akaguna.

— Hee! Si yule anakuja?

Mama wa makamo, kitenge kiunoni, anapanda polepole kwa fimbo.

— Asinyanyuke mtu, Nahodha akanong'ona. Ubao ukipinduka ataliona jina.

— Shikamoo mama, tukamwamkia kwa pamoja, tumeng'ang'ania benchi.

— Marahaba wanangu. Uuwi, kilima hiki! Elinipa ni yupi?

— Ni mimi, mama.

Hakunyanyuka. Mama akasubiri, ameegemea fimbo, anahema. Sisi tukakodolea vikombe. Vaileth akainamisha birika, halikutoa hata tone.

— Kwani siku hizi huku kwetu mgeni hapewi kiti?

Mimi nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

Nahodha ndiye aliyesimama kwanza, na sisi tukasimama. Akaupindua ubao juu ya mawe, akavua kofia, akaifuta vumbi herufi moja moja.

— Karibu kiti, mama. Ndicho kilichobaki.