Mama Mitungi, Aliyekataa Kubomoa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Tunayemkumbuka leo hakupenda kuliliwa, kwa hiyo nitajikaza. Ni fundi wa friji, mama wa binti mmoja, aliyefariki wiki iliyopita kwa kiharusi, spana ikiwa mkononi. Mtaani walimwita Mama Mitungi. Na kwa kuwa maneno ya mtaani hayana breki, nasema mapema: ni kiharusi. Narudia, kiharusi. Mitungi yake haikumuua.

Mitungi gani? Ngoja niwasimulie.

Mume wake ni fundi viatu. Gundi na vumbi la ngozi vilimharibia mapafu, ikafika mahali hawezi kuishi bila mashine ya oksijeni. Mashine hiyo inataka umeme saa zote. Na umeme wa mtaa ule, wasikilizaji, unakuja kama mgeni asiye na adabu: haupigi hodi, hauagi.

Jenereta? Moshi wake ulimkaba mgonjwa. Mama Mitungi akafunga paneli za sola na betri. Kiangazi mambo yakaenda. Mvua zilipoanza, jua likajificha siku nyingi mfululizo, betri zikaisha. Siku hiyo mzee alibebwa mchana kweupe na jirani zake hadi hospitali, midomo imegeuka rangi.

Mama Mitungi aliporudi nyumbani alisema neno moja tu: "Tena? Thubutu!"

Gesi ilikuwa kazi yake tangu ujana. Akasoma, akauliza, akasafiri kwa mafundi wenzake. Alichojenga ni hiki, nakieleza taratibu: kiangazi, umeme wa jua unaozidi unatenganisha maji, unatoa gesi ya haidrojeni. Gesi inakaa kwenye mitungi. Mvua zikija, mashine nyingine inaigeuza gesi ile kuwa umeme tena. Jua la kiangazi linatumika wakati wa mvua. Basi.

Lakini gharama! Aliuza gari lake la kazi, akawa anakwenda kwa wateja kwa baiskeli, vifaa mgongoni. Aliuza kiwanja alichorithi. Na tusidanganyane: umeme mwingi unapotea njiani. Unaoingia ni zaidi ya mara mbili ya unaotoka. Wifi yake, dada wa mzee, alimjia juu: "Wifi, umeuza kiwanja ununue hewa?"

"Ndiyo, wifi," akamjibu. "Kaka yako ndiyo anayoivuta."

Kisha ikatokea ajali. Wakati wa majaribio bomba lilivuja, gesi ikashika moto, ukamuunguza mkono hadi kiwikoni. Binti yake anasema: "Nilimpigia magoti. Mama, basi, inatosha. Akaniambia, 'Mkono ni wangu, mwanangu, na wa pili upo.'" Hata hivyo hakupuuza. Alitoa mitungi ndani, akaihamishia uani, chini ya paa lisilo na kuta, ili gesi ikivuja ipae zake. Akamwita mwenyewe afisa wa zimamoto. Afisa akakagua, akamtaka afunge king'ora cha kugundua uvujaji. Akafunga. Afisa akaridhika.

Majirani hawakuridhika. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Tunalala na bomu!" Mkutano ukaitwa, ofisi ya mtaa ikamwamuru abomoe.

Alisimama, bendeji mkononi. Akasema: "Mwenye njia nyingine ya kumfanya mume wangu apumue mvua ikinyesha, aseme sasa hivi. Nitabomoa kabla hamjafika makwenu."

Hakuna aliyesema. Naye hakubomoa.

Mvua zilizofuata ziliangusha nguzo. Mtaa mzima ukakaa bila umeme zaidi ya wiki. Nyumba moja tu iliwaka. Mgonjwa alipumua. Asubuhi moja kinyozi akabisha hodi, simu na mashine yake ya kunyolea mkononi.

"Mama, hilo bomu lako lina chaji?"

"Linayo. Vua viatu, nimepiga deki."

Kinyozi mpaka leo analiita bomu. Siku ya mazishi alibeba jeneza.

Nilimtembelea mzee juzi. Alinicheka nilivyoshindwa kuanza kumpa pole. "Wote tulijua nitatangulia mimi," alisema. "Yule mwanamke ni mbishi hata kwa hilo." Kisha machozi yakamtoka. Nikamwambia nimesikia ofisi ya mtaa inauliza mitungi itaondolewa lini, maana fundi hayupo. Akatoa mpira wa oksijeni puani ili nimsikie vizuri.

"Waje," alisema. "Binti yangu amefundishwa kila koki. Na mimi nitakuwa nimekaa palepale uani."

Kwako mzee, kwa binti, kwa wifi na wote mlioguswa: poleni sana. Tunalia nanyi.

Nanyi wasikilizaji, fikirini kidogo. Umeme wa namna hii bado ni ghali, na mwanamke mmoja hakupaswa kuubeba peke yake kwa kiwanja na ngozi ya mkono wake. Mtaani kwenu yupo mgonjwa anayetegemea waya mmoja. Msisubiri abebwe. Iteni mkutano, na safari hii muulizane mtamsaidiaje.