Kitambaa cha Julia

Marehemu Scholastika Nikolao, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Perpetua, alizaliwa Mkunya, Wilaya ya Newala, tarehe 3 Februari 1934. Tarehe hii tumeihakiki kwa cheti cha ubatizo, kwa kuwa kadi ya zahanati imeandika 1933, naye hakupenda kuongezewa hata siku moja.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1947, kisha akajifunza ushonaji kwa masista, Masasi, kwa miaka miwili. Mwaka 1953 alifunga ndoa na mzee Apolinari, fundi seremala, wakajaliwa watoto watatu, Perpetua, Petro na Vitalis.

Uhuru ulipopatikana, Desemba 1961, ndiye aliyewavika wachezaji wa sindimba wa Newala, na tangu hapo hakuna kikundi cha ngoma ya kiuno kilichotoka bila kupita kwenye cherehani yake. Akienda Masasi kununua, alijifunga kitambaa kiunoni palepale dukani, akazungusha mara moja, akasimama ghafla na kutazama ncha zake, kwani kizito husimama kabla ya mwili, chepesi hupeperuka ovyo, bali kizuri hufuata nyonga pigo moja nyuma, kisha hutulia. Mchezaji aliyelalamika alijibiwa kwamba kiuno chake hakina kosa, kosa ni la jora.

Mwaka 1970, vita vilipopamba moto Msumbiji, alimpokea nyumbani kwake Mama Cecilia, tunayemwita hivyo kwa jina lake mwenyewe, aliyevuka Ruvuma akiwa amepoteza mtoto wake pekee, Julia, mchezaji, aliyechukuliwa na maji na hakuonekana tena. Mama Cecilia alibaki na kitambaa chekundu cha Julia cha kuchezea, yadi sita, na kwa kuwa hapakuwa na kaburi, matanga hayakuweza kuondolewa. Wakati wa kuhamia kijiji cha ujamaa, Mei 1974, alikwenda Nanganga kutafuta kibarua, akakiacha kitambaa hicho kwa marehemu kama amana.

Familia imekubaliana kutoficha yaliyofuata, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe. Saba Saba ilikaribia, madukani mlikuwa na khaki tupu, naye alikifungua kitambaa cha Julia ili akijaribu tu, akazungusha, akasimama, nacho hakikusimama. Alikikata vibwebwe tisa, akawafunga wachezaji wanane, akabaki na kimoja.

Siku ya sherehe, tarehe 7 Julai 1974, ngoma zilinyamaza, viuno vikanyamaza, lakini ncha za vibwebwe vyote vinane ziliendelea pamoja, mapigo matatu zaidi, bila upepo, na baadhi yenu mlikuwepo. Mama Cecilia, aliyekuwa amerejea asubuhi hiyo, alisimama katikati ya watu akasema, "Huyo ni Julia. Ndivyo anavyomalizia. Mama Perpetua, umemkata mwanangu?"

Hakuomba fidia, aliomba kitambaa kirudi kizima apate kitu cha kuzika. Marehemu alivikusanya vibwebwe vinane akaviunga, lakini kila alipoulizwa cha tisa alisema kimepotea njiani, Masasi, ilhali alikuwa amekifunga chini ya gauni, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kugusa kitambaa kinachocheza namna ile.

Kuanzia Januari 1975 kiuno chake hakikutulia, hata akiwa ameketi kanisani, wala waganga na madaktari hawakuupatia ugonjwa huo jina. Alikonda, akashindwa kushika sindano. Jumapili, tarehe 7 Machi 1976, alimwita Mama Cecilia, akafunua gauni, akamwambia, "Dada, nilimpenda mwanao kuliko haki yangu. Mfungue." Mama Cecilia alikifungua, akaketi kitandani akakishonea mwenyewe mahali pake kando ya vile vinane, na alipokata uzi, kiuno cha marehemu kilitulia. Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Wengi mmeuliza tangu asubuhi kwa nini kaburi limechimbwa pana. Mama Cecilia ameomba, na mzee Apolinari ameridhia, Julia azikwe hapo, ubavuni pa marehemu. Ngoma haitapigwa, na mtakaoona kitambaa kikicheza kabla ya udongo, tunaomba msikimbie, ngojeni mapigo matatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkunya waliochota maji na kupika, na wachezaji waliovirudisha vibwebwe bila kinyongo.

Mama Perpetua, pumzika kwa amani. Nawe Julia, umefika, pumzika.