Gladieta Wawili wa Shule Moja

Benchi letu liko Kiptere, kati ya kinyozi na kibanda cha kahawa cha Bochaberi, ng'ambo ya buying centre ambapo wakulima hupanga majani yao wakingoja lori la kiwanda. Huku ni chai mbele, chai nyuma, chai mpaka ukingoni mwa makaburi, na ndiyo maana sisi hunywa kahawa. Mtu aliyeamka na chai, akachuma chai, akabeba chai mgongoni, hawezi tena kumlipa mtu amchemshie chai. Waya ya extension hutoka kwa kinyozi, huruka mtaro, hufika kwa laptop ya Weldon, na ndani ya hiyo laptop tunaendesha shule ya magladieta. Ni game. Unapewa shule kule Roma ya zamani, unanunua wanaume, unawalisha, unawatibu, unawafunza upanga, halafu unawapeleka uwanjani watu waone damu. Mimi nina Bachelor's ya Agribusiness Management, na hiyo shule ndiyo kitu pekee nimewahi kupewa kumanage.

Weldon ndiye Kaisari, kwa sababu laptop ni yake na akikasirika huifunga. Mzee Kipkirui ndiye Bonasi: ana shamba la chai hapo juu, na hata ukianza story na mvua yeye huimaliza na bonus, yale malipo ya chai ya mwisho wa mwaka. Omariba ndiye Mashine. Alikuwa mchumaji hodari kwa estate fulani, mpaka estate ikaleta mashine za kuchuma, moja ikila kazi ya kikosi kizima, na yeye akarudishwa nyumbani na gumboot zake. Alilia kuhusu mashine mpaka tukampa jina la adui yake. Mimi ni Digrii. Hilo halihitaji maelezo.

Asubuhi hiyo Mashine alikuja amevaa shati la kanisani juu na gumboot chini. Supervisor alikuwa amempigia: nafasi ya opereta imefunguka, trekta itapitia Kiptere kabla ya saa sita. Yaani angeshika ile ile mashine iliyomfukuza. Hilo tungemeza. Kilichokwama kooni ni block, kile kipande cha shamba alichopewa. Ni ile ambayo mke wake, Vivian, bado anachuma kwa mkono. Alituambia akikoroga kahawa isiyo na sukari. Benchi nzima ikajua. Vivian hakuwa ameambiwa.

Kwa hiyo tukaongea kuhusu game.

Kaisari: Leo tuko na mechi ya governor. Tukiibeba, shule inapanda ligi.

Bonasi: Governor gani tena? Wetu?

Kaisari: Wa Roma, mzee. Wetu hana uwanja.

Bonasi: Na tuko na wapiganaji wangapi?

Kaisari: Wawili. Wengine wote uliwaua.

Bonasi: Sikuua mtu mimi. Nilipruni.

Ni kweli, alipruni. Kaisari alikuwa ameenda matanga, akamwachia mzee usukani. Mzee akaiendesha shule kama shamba: akawapumzisha wapiganaji wote kwa pamoja, vile chai hukatwa mpaka magotini ili ichipuke upya. Mashabiki wakawasahau, wadhamini wakahama, chakula kikaisha stoo, homa ikaingia mabwenini.

Bonasi: Nilikuwa nangoja wachipuke.

Kaisari: Binadamu hachipuki!

Bonasi: Basi kitufe cha rest waliweka cha nini? Na wahenga walisema umoja ni nguvu. Ukikata, kata wote.

Mimi: Mzee, hata kwako hupruni shamba lote mara moja. Unakata upande, unaacha upande.

Bonasi: Weri, kijana wangu, kule ni kwangu. Hapa ni kwa Kaisari.

Hata Bochaberi alicheka, na Bochaberi hucheka kwa nadra kwa sababu anasema kicheko hupoza kahawa. Mashine peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia barabara.

Nikaona nisome kwa simu maoni ya wachezaji wengine, angalau benchi ipate sauti za nje. Mmoja wa Poland alikuwa ameandika kwamba game ni tamu lakini uchumi wake hauna huruma: bei ya nafaka hupanda, bei ya mpiganaji hushuka, na hakuna mahali pa kulalamika.

Bonasi: Huyo amewahi kulima chai.

Mimi: Ni wa Poland.

Bonasi: Hata huko wanalima, hawataki tu kutangaza. Mimi nawaambia hii game iliundwa na mtu wa mnada. Angalieni vizuri. Unafuga mtu, unamlisha, unampalilia. Siku ya siku unampeleka mbele ya watu wameketi juu, huwajui, hawakujui. Wanainua kidole ama wanashusha kidole, na hiyo ndiyo bei yako. Huo si uwanja wa magladieta. Huo ni mnada wa chai wa Mombasa.

Kaisari: Mzee, hiyo crowd ni algorithm.

Bonasi: Ndiyo hao. Wamebadilisha jina.

Mwingine, sijui wa wapi, alisema game ni ya kubahatisha, kwamba mpiganaji wake bora aliuawa na mtu aliyekonda. Kaisari akajipiga kofi gotini.

Kaisari: Si kubahatisha. Nimeobserve. Kila mara kinyozi akiwasha ile mashine yake ya ndevu, current inashuka, na mtu wangu anapigwa. Current ikirudi, anaamka. Kinyozi ndiye anatuua.

Bonasi: Hiyo nayo nakubali. Wahenga walisema akili ni nywele. Kinyozi akikata huko, akili inapungua kwa waya.

Kinyozi (kutoka ndani): Na siku nikichomoa hiyo waya mtasema nimekata nini?

Tukamwomba radhi kwa heshima. Umeme wa bure una adabu zake.

Nami nikasema langu, kwa sababu sikulipiwa karo miaka yote hiyo ili niwasikilize tu. Niliwaambia game hii haihusu vita hata kidogo. Ni HR. Warumi hawakuisha; walivua magwanda, wakavaa tai, wakafungua ofisi Nairobi na kuweka tangazo la graduate trainee. Mimi nimekuwa uwanjani. Waliniita interview, wakaniweka chumba kimoja na deskmate wangu wa chuo, mtu tuliyekula naye githeri sahani moja, wakasema hii ni group discussion, discuss. Watatu wameketi mbele na kalamu. Nilimkata kwa point moja ya inflation. Akanikata kwa supply chain. Tulikatana mpaka saa ya lunch.

Bonasi: Na nani alipewa kazi?

Mimi: Mtu ambaye hakuwa kwenye chumba.

Bonasi: Na huyo deskmate?

Mimi: Hashiki simu yangu. Na mimi simpigii.

Hapo laptop ikalia tarumbeta. Ujumbe wa governor ulikuwa umefika, na Kaisari akausoma kwa sauti, akitafsiri: mgeni mkubwa anatembelea mji, anataka burudani mpya. Ameomba wawili wa shule moja, wapigane wao kwa wao mpaka mmoja abaki chini.

Wawili wetu walikuwa Boito na Kabianga. Ni Mashine aliyewachagua sokoni, akawapa majina ya vijiji, akawaweka chumba kimoja kwa sababu aligundua wakikaa pamoja hupona haraka. Aliacha kuangalia barabara.

Mashine: Hawa wanakula pamoja.

Kaisari: Najua. Hiyo ndiyo feature watu wanachukia zaidi, nenda usome. Lakini ukibonyeza Refuse, jina la shule linaanguka. Kila mtu amesema. Kubali, mmoja atabaki, tutanunua mwingine.

Bonasi: Kubali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ni governor. Kwa hivyo sikia, na guu livunjike la yule mwingine.

Kaisari: Na usipowapeleka wewe, governor atachukua wa shule nyingine. Nafasi haibaki wazi.

Mashine: Hivyo ndivyo supervisor aliniambia.

Hakuna aliyetaka kufika huko, lakini tulikuwa tumefika. Bonasi akakohoa, akaondoa kofia, akairudisha. Akasema kwa sauti ya mtu mzima sasa, si ya benchi.

Bonasi: Omariba, block ni block. Usipoishika wewe, itashikwa. Vivian atarudi nyumbani vile vile. Heri mshahara ulale nyumba yako kuliko ulale ya jirani.

Bochaberi: Na wale wanawake wengine wa hiyo block? Watakuja kulala kwake pia?

Kaisari: Bochaberi, mimina kahawa tu.

Bochaberi: Ilishaisha. Ya mwisho iko kwa hicho kikombe chake.

Mashine: Nitamwambia jioni.

Bochaberi: Utamwambia jioni atoke wapi? Kufika jioni atakuwa ameiona mashine, na mikono iliyoishika.

Mashine: Nitamwambia, nimesema.

Na wakati anasema hivyo, Vivian akatokea kona ya buying centre, apron ya plastiki bado kiunoni, kikapu mgongoni, na kikapu chepesi. Ungeona vile kilirukaruka akitembea. Wachumaji hawarudi saa hiyo. Tena Vivian si mtu wa benchi letu. Huwa anapita upande ule mwingine, anapungia Bochaberi mkono, anaenda. Leo alivuka barabara.

Vivian: Bochaberi, umeamkaje? Kuna kahawa?

Bochaberi: Hii chupa ni tupu, mama Velma. Keti upumzike.

Vivian: Tumeambiwa twende nyumbani. Eti block inapimwa, tutaelezwa kesho.

Akaketi mwisho wa benchi, kikapu kati ya magoti. Sisi wote tukakazia macho ile screen kana kwamba mshahara ulikuwa humo. Alimwangalia mume wake, akaangalia shati.

Vivian: Baba Velma, kuna mazishi?

Mashine: Hapana.

Vivian: Mnaangalia nini hivyo?

Kaisari: Ni game, mama Velma. Ya zamani za Roma. Hapa ni shule yetu, tunafunza watu kupigana.

Vivian: Na hawa wawili?

Kaisari: Huyu ni Boito, huyu ni Kabianga.

Vivian: Wa shule gani?

Kaisari: Yetu.

Vivian: Wote?

Kaisari: Wote.

Vivian: Sasa wanapigana na nani?

Kaisari alinitazama mimi. Nikamtazama Bonasi. Bonasi alikuwa na jibu la kila kitu tangu nimjue.

Bonasi: Hiyo ni... ni siasa ya Roma, mama. Kuna governor.

Vivian: Governor ndiye mwenye shule?

Bonasi: Hapana. Sisi.

Vivian: Na hapa chini pameandikwa nini?

Mimi: Accept. Ni kukubali.

Vivian: Na hii ya pembeni?

Mimi: Refuse. Kukataa. Lakini hiyo haisaidii.

Vivian: Mkiifinya kunatokea nini?

Kaisari: Watu wanasema jina la shule lina...

Vivian: Si watu. Nyinyi. Mmewahi kuifinya?

Nilikuwa nimesoma maoni ya watu wa Poland, wa Brazil, wa kila pembe yenye bundles. Ningeweza kumwambia kila mmoja wao alilalamika nini. Lakini hakuwa ameuliza hao. Kaisari akaondoa kidole kwa laptop polepole, kama mtu aliyegundua ameshika sufuria ya moto.

Kinyozi akawasha mashine ya ndevu. Screen ikafifia kidogo, ikarudi. Boito na Kabianga walikuwa bado wamesimama pale mchangani, bega kwa bega, wakingoja sisi.

Ndipo trekta ikapiga honi. Ilikuwa imesimama karibu na buying centre, na nyuma kwenye trela walikaa vijana kadhaa wenye overall mpya, miguu ikining'inia. Katikati yao kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa turubai. Dereva akatoa kichwa dirishani.

— Omariba! Omariba ni nani hapo?

Dereva akapiga honi tena, ndefu.

— Omariba!

Vivian akaangalia trekta. Akaangalia turubai, na lile umbo lililo chini yake, ambalo kila mchumaji wa huku analijua hata likivishwa gauni. Akaangalia zile gumboot, halafu shati, kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Aliuliza bila kupandisha sauti, vile mtu huuliza kama kuna chumvi nyumbani.

Vivian: Baba Velma, wanakuitia nini?

Bochaberi akapindua thermos, akaigonga kitako, hakuna kilichotoka. Trekta ilinguruma. Mashine akainua kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili, akanywa taratibu, akameza, akanywa tena. Mimi nilikuwa karibu naye na niliona ndani. Kilikuwa tupu kitambo.